Nimebadilishiwa magoti yote mawili, baridi yabisi bado ninayo. Karibuni tuongee (uzi mrefu kidogo)

#1 Chaki Nyeupe

Mbukwenyi wakuu, na wengine wote habari za jioni.

Humu mimi ni msomaji tu, huwa napita kimya kimya nacheka naondoka. Leo naandika kwa sababu ndani ya wiki hii moja nimeulizwa swali na watu watatu, mzazi wa mwanafunzi wangu, jirani yangu hapa Ipagala, na dada mmoja tuliyekaa naye foleni kliniki, wote swali lao ni hilo hilo, "mwalimu hivi ukishawekwa goti la chuma ndo unakuwa umepona?" Kila nikijibu naona sijajibu. Nikisema ndiyo nadanganya, nikisema hapana nadanganya pia.

Mimi ni mama wa miaka 49, nafundisha shule ya msingi. Ugonjwa ulinianza 2008, miezi michache baada ya kujifungua kitinda mimba wangu. Vidole vya mikono yote miwili kwa pamoja vikaanza kuvimba, asubuhi naamka vimekakamaa hata kufunga kanga siwezi, mpaka saa tatu saa nne huko ndo vinaanza kulegea. Kila mtu akasema baridi. Mnaijua Dodoma mwezi wa sita na wa saba upepo unavyokata, basi nikaambiwa vaa soksi, usioshe vyombo kwa maji ya baridi, wewe umejifungua hukukandwa vizuri. Nami nikaamini. Hili jina la baridi yabisi limetuponza jamani, mtu akilisikia tu anajua dawa yake ni sweta. Kumbe baridi inaweza kukuongezea kukakamaa ila siyo iliyoleta ugonjwa, ni kinga ya mwili wako mwenyewe imegeuka inashambulia ule utando wa ndani ya kiungo, utando unavimba, unanenepa, unaanza kula gegedu (ule mto laini unaofunika ncha za mifupa), ukimaliza unahamia kwenye mfupa.

Miaka mitano nikazunguka maduka ya dawa. Diklofenaki, na vile vidonge vidogo vya prednisoloni ambavyo ukimeza leo kesho unakimbia, uso unajaa mviringo watu wanakusifia mwalimu umenawiri. Vipimo vya maana nimekuja kufanyiwa 2013 nikaanza methotreksati, dawa ya kuituliza hiyo kinga. Mikono ikatulia kiasi, magoti yalikuwa yameshaondoka. Eksirei ya 2021 daktari aliniwekea pale kwenye taa nikaona mwenyewe, mfupa umekaa juu ya mfupa, hakuna upenyo wa kupitisha hata karatasi, na goti la kulia limeingia ndani mpaka nikitembea yanagongana.

Choo kiko hatua kumi na mbili toka kitandani kwangu, nilikuwa nazijua kwa idadi. Maji nilikuwa naacha kunywa saa kumi na mbili jioni ili usiku nisiamke. Darasani nafundisha nimekaa, mtoto ndo anaandika ubaoni mimi namtajia, akikosea herufi siwezi kuinuka kufuta, nabaki nanyoosha fimbo tu.

Goti la kulia lilifanywa Machi 2022, la kushoto Novemba mwaka huo huo. Hospitali sitaitaja msinisumbue PM.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni daktari wa usingizi. Mimi nimekuja na goti, yeye anataka eksirei ya shingo. Nikadhani kachanganya mafaili. Akanieleza kwamba kwenye ugonjwa huu pingili za juu kabisa za shingo zinaweza kulegea bila wewe kujua, siku wakitaka kukuwekea mpira wa kupumulia wakikukunja shingo vibaya wanaweza kuumiza uti wa mgongo. Zangu zilikuwa salama ila nikawa nimejifunza. Wakaniangalia na meno, nikang'olewa moja lililooza, maana uchafu wa jino unaweza kusafiri kwa damu ukaenda kukaa kwenye goti jipya. Nikachomwa ganzi ya mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho. Maumivu sikuyasikia, nyundo niliisikia. Ko ko ko kama fundi anapiga kitanda cha mninga.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Kesho yake wananisimamisha, wananipa magongo, watu wa mazoezi wanasema "shika hapa mama, bana kwa nguvu, uzito uweke mikononi". Mikono ipi? Mkono wangu wa kulia kifundo hakikunji, vidole vimepinda kuelekea kidole kidogo, kushika chaki tu kazi. Mgonjwa wa kitanda cha pembeni, mama mmoja wa miaka sabini, yeye goti lake lilisagika kwa uzee na uzito, mikono yake mizima kabisa, siku ya pili anazunguka wodi anasalimia watu. Mimi nalia. Siyo goti, goti lilikuwa linauma maumivu ya kidonda ya kawaida, nalia kwa mikono. Hapo ndo nilielewa kwamba mimi na yule mama tumefanyiwa oparesheni moja ila ugonjwa wetu siyo mmoja.

Ngoja nipike, narudi kuendelea.

#2 Sele Nkuhungu

Pole sana mwalimu shikamoo. Nimeweka kiti hapa nasubiri muendelezo

#3 Zabibu Chungu

Chai. Goti la chuma na vumbi hili la Dodoma lisishike kutu? Weka picha

#4 Mkulima wa Alizeti

@Zabibu Chungu wewe kila uzi lazima uweke chai yako. Mwalimu tuendelee tafadhali, mimi nina mke nyumbani ana tatizo hilo hilo, nina maswali mengi ila nasubiri umalize

#5 Chaki Nyeupe

Nimerudi.

@Zabibu Chungu kutu ya nini mwanangu, lile siyo bati. Siweki picha ya miguu yangu mtandaoni, mimi ni mke wa mtu.

Tuendelee. Kaka yule wa mazoezi alipoona nalia akakaa kitandani akashika viganja vyangu akavigeuza geuza, akasema hapa tulikosea, wewe hutakiwi kubeba kwa kiganja, unatakiwa ubebe kwa mkono wote kuanzia kiwiko. Akanichorea kwenye karatasi gongo lenye kibao juu, unalaza mkono wa mbele kama unavyolaza mezani, linafungwa na mkanda, vidole havifanyi kazi. Akasema ya kununua yapo ila hapa hatuna. Mume wangu akalichukua lile karatasi akaenda kwa fundi wa kuchomelea, wakakata bomba la plastiki la inchi nne kwa urefu likawa kama mfereji, wakalikaza juu ya gongo la chuma, ndani wakaweka sponji ya godoro na kipande cha kanga juu yake. Siku mbili baadaye nikatoka wodini na miguu yangu. Manesi walikuwa wanakuja kuliangalia lile gongo kuliko kidonda.

Jambo la pili, na hili niliumia nalo. Kuna mtu wa afya, nisimtaje, aliniambia niache methotreksati mwezi mmoja kabla ya oparesheni na mwezi mmoja baada, eti kidonda hakitapona. Nikatii. Wiki ya tatu baada ya oparesheni goti linaendelea vizuri, mikono, mabega na vifundo vya miguu vikalipuka vyote kwa mpigo, homa ya jioni, uchovu ule wa kama umebeba gunia. Mazoezi ya goti nikashindwa kufanya kwa wiki mbili nzima, na wiki hizo za mwanzo ndizo goti linaamua litakunja kiasi gani. Mpaka leo la kulia linakunja nyuzi 95 hivi, la kushoto ambalo sikuacha dawa linakunja 115. Mguu mmoja unapanda ngazi vizuri, mwenzake anavutwa.

#6 Fizio wa Kanda

Mwalimu samahani kwa kuingilia, mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, siyo yule wako. Naomba niweke sawa hilo la dawa maana naliona sana. Mwongozo wa madaktari wa viungo wa Marekani wa 2017, ukarudiwa 2022, unasema mgonjwa wa rumatoidi (ndo hii baridi yabisi yenu) anayekwenda kubadilishiwa nyonga au goti aendelee na methotreksati yake kama kawaida, wala asiikatishe. Zinazosimamishwa kwa muda ni zile sindano za kibaolojia, dawa mpya zaidi za kuzuia kinga, ambazo huku wengi hatuna, oparesheni inapangwa pale dozi inayofuata ilipotakiwa kuchomwa, halafu anarudishiwa kidonda kikishakauka, kama wiki mbili. Na prednisoloni kama umeinywa muda mrefu USIACHE ghafla, mwili ulishasahau kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, unaweza kuzimia mezani. Hayo yote yaamuliwe na daktari wako lakini ukiambiwa acha, uliza kwa nini.

Kuhusu kutu, @Zabibu Chungu, mfupa wa juu unavalishwa kofia ya aloi ya kobalti na kromu, wa chini unawekewa bamba, mara nyingi la titani, katikati panakaa plastiki ngumu, na vile vya chuma mara nyingi vinagandishwa kwenye mfupa kwa simenti maalumu. Nyonga za kisasa zilianza hivyo hivyo, Mwingereza John Charnley pale Wrightington mwaka 1962, chuma na plastiki na simenti. Kutu hapana. Kinacholika taratibu ni plastiki.

#7 Zabibu Chungu

Sawa mkuu nimekuelewa. Ila simenti??

#8 Fizio wa Kanda

Siyo ya Twiga hahaha. Ni aina ya plastiki, inachanganywa pale pale mezani inakauka ndani ya dakika kumi, kumi na tano.

#9 Mtoto wa Bahi

Mimi niseme upande wa pili ili watu wasione kila kitu asali. Bimkubwa wangu ana huo ugonjwa toka tukiwa wadogo, yeye ilikuwa nyonga. Akafanyiwa 2019. Akaambiwa mama usikae chini, usivuke miguu, usiiname kuokota kitu, miezi mitatu. Sasa mama wa Kigogo wa miaka 61 unamwambiaje asikae kwenye kigoda? Siku ya ishirini mimi nimetoka kwenda shamba la mpunga, nyumbani kabaki na wajukuu, njaa zimewashika, akavuta kigoda akae asonge ugali. Anasema alisikia "kta!" kama kuni kavu, mguu ukageukia ndani, ukawa mfupi. Mafiga yanawaka, sufuria iko jikoni, yeye yuko chini. Mtoto wa miaka saba ndo aliyekimbia kuita watu.

Kutoka kijijini kwetu mpaka lami ni kilomita nyingi mvua imenyesha, tulimbeba kwenye gari ya mpunga juu ya godoro. Wakamlaza usingizi wakairudisha bila kupasua tena. Tangu hapo haijachomoka. Anatembea, kanisani anaenda, kisimani haendi na hatumruhusu. Ila ukimuuliza leo angekubali tena anakaa kimya kwanza ndo anajibu. Anasema "ningekubali, lakini mngenijengea jiko la juu kwanza".

#10 Chaki Nyeupe

@Mtoto wa Bahi mwambie mama shikamoo yangu. Hilo la jiko la juu amesema kitu kikubwa sana.

#11 Fizio wa Kanda

Ni kweli, kwa wenye rumatoidi nyonga bandia inachomoka kirahisi zaidi kuliko kwa wale wa kusagika kwa kawaida, nyama na kano zinazoshikilia zimelegezwa na ugonjwa wenyewe. Na maambukizi pia kwao yapo juu kidogo. Mtu akupe picha yote kabla ya kusaini fomu. Sisi watu wa hospitali tunamwambia mgonjwa "usikae chini" kama vile nyumbani kwake kuna sofa na jiko la gesi, hatuulizi. Mimi saivi nauliza choo chako cha aina gani, unapikia wapi, kitanda kina urefu gani, maji nani anachota. Kitanda kikiwa kifupi tunaweka matofali chini ya miguu yake.

#12 Bi Mkubwa Kondoa

Assalam aleykum. Mimi nina goti moja tokea 2020, hilo jingine nimegoma. Sina mengi. Naswali kwenye kiti. Mwanzoni nilikuwa naona haya msikitini, nasujudu kwa kuinamisha kichwa tu na wenzangu wameweka paji chini, sheikh akaniambia bibi dini haikuja kukuvunja. Sasa tupo wanne tunaosali kwenye viti mstari wa nyuma, wawili kati yetu magoti, mmoja mgongo, mmoja nadhani anaiga tu.

#13 Sele Nkuhungu

Hahahaa bibi wewe

Mwalimu swali langu ni la watu wazima, naomba nisieleweke vibaya. Tendo la ndoa inakuwaje baada ya hapo? Naulizia rafiki

#14 Zabibu Chungu

Rafiki 😂😂

#15 Fizio wa Kanda

Swali zuri na wengi wanaona aibu kuuliza wanaishia kuumia. Kwa kawaida wiki ya sita hivi, kidonda kimefunga na daktari amekuona. Kwa goti ni suala la mkao usiokulazimisha kupiga magoti. Kwa nyonga ni kutokunja kupita kiasi na kutogeuza mguu kuingia ndani, mwenye nyonga ndo awe wa chini mwanzoni. Rafiki yako amwambie mwenzie ukweli tu.

#16 Mkulima wa Alizeti

Haya na mimi niulize sasa. Niko Singida vijijini. Mke wangu ana miaka 38, nyonga ya kushoto imeisha, ila daktari mmoja kasema asubiri mpaka afike hamsini kwa sababu ikiwekwa mapema itaisha mapema atafanyiwa tena. Mwingine kasema afanye sasa. Saivi anatembea kwa kushika ukuta, shamba alishaacha, amekonda, mtoto wetu wa darasa la nne ndo anamsaidia kuoga. Nichague lipi? Na hivi vitu vinadumu miaka mingapi kweli?

#17 Fizio wa Kanda

Mkuu pole sana. Mimi siyo daktari wa upasuaji siwezi kumwamulia, nakupa ninachojua. Kuna nchi zinaandika kwenye daftari la taifa kila kiungo kinachowekwa, 2019 jarida la Lancet lilichapisha hesabu za pamoja, magoti kamili 82 kati ya 100 yalikuwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25, nyonga 58 kati ya 100. Wengi wa hao siyo wagonjwa wa rumatoidi na wengi walikuwa wazee kuliko mkeo, kwa hiyo usizichukue kama ahadi. Kwa mtu wa miaka 38 uwezekano wa kurudia huko mbele upo kweli, na oparesheni ya marudio ni ngumu kuliko ya kwanza.

Lakini kusubiri nako kuna bei. Misuli ya paja isiyotumika inakwisha, mfupa unalainika hasa kama anakunywa prednisoloni, kiungo kinakakamaa katika mkao mbaya, na anayeingia chumba cha upasuaji akiwa hatembei kabisa mara nyingi hafiki mbali kama aliyeingia bado anatembea. Miaka 12 ya kushika ukuta, ukitoa kwenye maisha ya mama mwenye watoto wadogo, siyo midogo. Mwambie daktari mambo hayo hayo uliyotuandikia hapa, hasa la mtoto kumuogesha. Na muulize kama ugonjwa wenyewe umedhibitiwa, anatumia dawa gani?

#18 Mkulima wa Alizeti

Anatumia za kununua. Na kuna mzee alimchanja chale kwenye nyonga akampaka dawa nyeusi, mara tatu.

#19 Fizio wa Kanda

Hapo ndo pa kuanzia mkuu kabla ya nyonga. Asiwe na kidonda chochote kwenye ngozi siku ya oparesheni, chale mpya wataahirisha. Na apate dawa ya kutuliza ugonjwa, maana mkitengeneza nyonga na kuacha moto unawaka, kesho ni goti, keshokutwa ni bega. Huko nchi ambazo watu wanaanza methotreksati mapema, na hizo za kibaolojia zilizoingia mwishoni mwa miaka ya 1990, wenye rumatoidi wanaofika kubadilishiwa viungo wamepungua sana. Huo ndo ushindi wenyewe, kutofika kwenye kisu.

#20 Dada Manyoni

Naomba niongezee kwenye methotreksati jamani kwa herufi kubwa. NI MARA MOJA KWA WIKI. Shangazi yangu kifuko kiliandikwa vibaya, akameza kila siku kwa siku tisa. Mdomo wote vidonda, hata uji haupiti, damu ikashuka, tulimlaza wiki mbili akaongezewa damu na maji. Alipona kwa neema tu. Chagueni siku moja, shangazi saivi anakunywa Jumapili akitoka kanisani, na ile foliki asidi, vitamini ya kupunguza makali ya dawa, anakunywa siku nyingine. Na wasichana mnaotaka mimba hiyo dawa haifai, mwambieni daktari mapema kabisa.

#21 Chaki Nyeupe

Asante dada. Mimi yangu Ijumaa jioni, Jumamosi nalala na kichefuchefu changu, Jumatatu nipo darasani.

Sasa nijibu lile swali la mwanzo maana nimelizunguka. Kupona.

Nilichopata. Usingizi. Sikujua usingizi ni kitu kikubwa hivo mpaka ulipoanza kurudi, kama mwezi wa tatu baada ya goti la pili, nikaamka asubuhi jogoo wanawika nikashtuka, nikadhani nimekufa maana sikukumbuka kuamka usiku. Maumivu ya magoti, yale ya kusaga, yameisha. Siyo yamepungua, yameisha. Nafundisha nimesimama kipindi kizima cha dakika arobaini, nazunguka kati ya madawati, watoto wanasema siku hizi mwalimu anatokea nyuma kama paka. Soko la Majengo naenda mwenyewe nanunua mlenda nachagua nyanya. Bajaji napanda, naanza na makalio halafu ndo nazungusha miguu. Mwaka jana nimepanda SGR kwenda Dar kumuona mwanangu, nimeshuka ngazi za stesheni kwa miguu yangu, taratibu, mkono kwenye bomba.

Nisichopata. Mikono iko vile vile, uchovu uko pale pale. Kuna siku naamka nimechoka kabla ya kufanya kitu, magoti yanataka kwenda mwili unagoma, na watu hawaelewi hapo, wanasema "si ulishatengenezwa wewe?" Kama gari limetoka gereji. Hata nyumbani, mwanzo wakaona mama kapona basi ndoo zikarudi kwangu, nikabeba wiki mbili bega likavimba ndo wakakumbuka. Kuchuchumaa nimeaga. Kupiga magoti naambiwa hakuharibu kitu ila ile hisia siwezi kuieleza, kama umepigia magoti sahani, kwa hiyo kanisani wenzangu wakipiga mimi nakaa nainamisha kichwa.

Na nimkumbuke mama wa Bahi hapa. Mwaka juzi tulikuwa na msiba Mpwapwa, mjomba wangu. Kijijini choo ni cha shimo cha kuchuchumaa, nikaenda na kiti changu cha plastiki, tulikitoboa katikati kwa kisu cha moto, kimefungwa kwenye kiroba. Kinamama wote wamekaa chini kwenye mikeka wamenyoosha miguu, mimi nikaletewa kiti cha kawaida nikakaa peke yangu juu kama mgeni rasmi. Nikasikia nyuma yangu mmoja anamwambia mwenzie "huyu wa mjini anajisikia, hata msibani". Sikugeuka. Kule juu kwenye kiti nililia, wakadhani namlilia mjomba, na mjomba nilikuwa namlilia pia.

Usiku wa pili shangazi yangu mkubwa, ana miaka themanini na, akaja na kigoda chake akakiweka pembeni ya kiti changu akakaa. Hakusema kitu. Muda si muda wakaja wengine wawili na viti, wazee wenye migongo yao, tukawa kundi. Asubuhi akaniuliza kimya kimya, "kile kiti chako chenye tundu, na mimi naweza kukitumia?" Nilirudi Dodoma bila kiti.

Kwa hiyo dada wa kliniki kama unasoma hapa, magoti yangu yamepona. Mimi mgonjwa, nakunywa dawa kila Ijumaa na kliniki yangu ni kila miezi mitatu. Nikiulizwa kama ningefanya tena, ningefanya kesho asubuhi, ila dawa nisingeacha na gongo ningeenda nalo siku ya kwanza.

#22 Mtoto wa Bahi

Daah. Hiyo ya msiba imenigusa, nimemsomea bimkubwa hapa anatikisa kichwa tu. Anauliza hicho kiti mlitoboa ukubwa gani

#23 Chaki Nyeupe

Mwambie sahani ya chai inapita. Kingo zipitishie kandambili ya zamani iliyokatwa, zinakata mapaja zile. Na achague kiti chenye mikono, cha mgongo tu kinapinduka.

#24 Mkulima wa Alizeti

Mwalimu Mungu akubariki. Nimemsomea mke wangu uzi mzima, tumekubaliana wiki ijayo tunakuja Dodoma aonwe, ya chale tumeacha leo. Yeye naye mikono imepinda kama yako. Naomba kujua fundi aliyetengeneza hilo gongo yuko wapi, na bei?

#25 Sele Nkuhungu

Mkuu ukifika niambie, mimi nina bajaji, stendi ya Nane Nane nawachukua bure. Siti ya mbele atakaa mama anyooshe mguu, wewe nyuma na mizigo

#26 Zabibu Chungu

Bajaji haina siti ya mbele Sele

#27 Sele Nkuhungu

Basi nyuma zote zake, wewe mkuu utapanda boda

#28 Chaki Nyeupe

@Mkulima wa Alizeti njoo PM nikupe namba ya mume wangu atakupeleka, fundi yuko huku huku kwetu. Bei mtaelewana, mimi alichukua ya vyuma tu. Mpime mkeo kabla hamjaja, asimame wima kiasi anachoweza, kiwiko kikunje kama anaegemea meza, pima toka kiwiko mpaka chini akiwa amevaa viatu atakavyotembea navyo. La kwangu la kwanza alipima nikiwa peku likawa fupi, nikatembea wiki nzima nimeinama kama natafuta sindano. Bomba ni inchi nne. Sponji msinunue, ninayo.